Kufuli Tatu na Kompaila Moja

Nimechoka kusikia vijana wenzangu wa kompyuta wakisema, "Programu hii nimeitengeneza mwenyewe, kuanzia mwanzo." Nina haki ya kuchoka. Kauli hiyo niliitoa mimi, kwa kifua, mbele ya akina mama 28 uani kwetu Mbagala, Desemba 2022, na aliyeilipia ni mama yangu mzazi.

Ilikuwa siku ya kuvunja kikoba. Kwa asiyejua: wanakikundi hununua hisa kila wiki, hukopeshana, na mwisho wa mwaka fedha yote hugawanywa, kila mtu kadiri ya hisa zake. Fedha hukaa kwenye kasha la chuma lenye kufuli tatu. Kasha hulala chumbani kwa mweka hazina, ambaye wakati huo alikuwa mama, lakini yeye hana hata ufunguo mmoja. Funguo ziko kwa wanachama watatu wa nyumba tatu tofauti. Siku ya kikao kasha hufunguliwa mbele ya wote, wahesabu fedha wawili huhesabu noti kwa sauti, na kiasi hutajwa kabla ya jambo lingine lolote kuanza.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Niliwaandikia programu ndogo kwa lugha ya C ya kukokotoa hisa, riba na mgao, nikaiweka kwenye laptopu ya kikundi, ikafanya kazi miezi minne bila tatizo. Asubuhi ile mama alinituma steshenari nikachapishe orodha ya mgao. Nikachomeka flashi, na kabla sijafungua chochote kompyuta ya steshenari ikatoa onyo jekundu: programu yangu ina kirusi, imefutwa. Nyuma yangu kwenye foleni alikuwepo mmoja wa wanakikundi, amekuja kutoa kopi ya kitambulisho. Nilipofika nyumbani, habari ilikuwa imeshafika.

"Mwanetu," mwenyekiti akaniuliza, "hicho kitu umekitengeneza mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Chote?"

"Chote. Kila mstari."

"Sasa kirusi kimeingiaje kwenye kitu ulichokitengeneza chote mwenyewe?"

Sikuwa na jibu. Wakarudi kwenye daftari, wakahesabu upya hadi saa mbili usiku. Hesabu ya daftari na ya programu zililingana mpaka shilingi ya mwisho, na haikusaidia kitu. Mlangoni kuna aliyenong'ona, na mama akasikia, kwamba mtoto wa mweka hazina kaleta kompyuta ili mambo yafanyike gizani. Mama hakunigombeza. Januari alikataa kugombea tena nafasi aliyokuwa ameishika miaka sita.

Sasa nikueleze kompaila niliyotumia ilitoka wapi. Ilitoka kwenye flashi ya jirani yangu wa hosteli. Yeye aliipata kwa mtu wa chumba cha juu, naye kwa kaka aliyeshahitimu. Folda ilikuwa na jina "C mpya usifute". Hakuna kati yetu aliyeipakua kutoka kwa wanaoitengeneza, kwa sababu bando ni fedha na flashi ni bure. Je, ilikuwa na kirusi kweli? Inawezekana. Inawezekana pia kwamba hapakuwa na kirusi: programu za kuzuia virusi huwa na tabia ya kushuku programu ndogo ambayo haijawahi kuonekana popote. Mpaka leo sijui. Flashi ile ilishafutwa, folda ilishafutwa, na hata ingekuwepo, wakati ule nisingejua pa kuanzia kuangalia. Hapo ndipo aibu yangu ilipo. Mtu aliye mwaka wa tatu wa shahada ya kompyuta anaulizwa na mama wa kikoba kitu chake kimeingiliwa wapi, na hana hata njia ya kutafuta.

Kwa hiyo hoja yangu ni hii, na siipunguzi makali: yeyote anayetaka kula kwa kuandika programu ajenge kompaila yake kutoka kwenye msimbo chanzo, pamoja na zana zote zinazoifuata, angalau mara moja, kwenye kompyuta yake mwenyewe, kabla hajajiita fundi. Na idara inayomvisha joho mtu ambaye hajawahi kufanya hivyo inatoa cheti cha kuendesha gari kwa mtu aliyekaa kiti cha abiria.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunaliruka. Msimbo unaouandika si programu. Ni maandishi. Kompaila ndiyo inayoyageuza yawe kitu ambacho mashine inaweza kukitekeleza. Lakini kompaila nayo ni programu, nayo iliandikwa kama maandishi, ikageuzwa na kompaila nyingine iliyotangulia. Ile nayo iligeuzwa na nani? Ukiulizwa swali hilo ukajibu "imekuja na kompyuta", umejibu kama mtoto anayesema maziwa yanatoka dukani.

Mwaka 1984 Ken Thompson, mmoja wa waasisi wa Unix, alichapisha hotuba aliyoitoa alipopokea Tuzo ya Turing. Alionyesha kitu cha kutisha kwa ufupi wake. Unaweza kuifundisha kompaila kwamba kila inapotafsiri programu ya kuingilia kwenye mfumo, ipachike mlango wa siri. Kisha unaifundisha kwamba kila inapojitafsiri yenyewe, ipachike mafunzo hayo yote upya. Ukishafanya hivyo unafuta hila yako kwenye msimbo. Msimbo sasa ni safi, mtu yeyote anaweza kuusoma mstari kwa mstari asione doa, lakini kila kompaila itakayozaliwa kutokana nao itazaliwa na hila. Doa liko kwenye kizazi, haliko kwenye maandishi.

Usiniambie hayo ni mambo ya maprofesa. Septemba 2015 huko China iligundulika kwamba waandishi wengi wa programu za simu za iPhone walikuwa wakitumia nakala za Xcode, seti ya zana za Apple za kutengenezea programu hizo, walizozichukua kwenye hifadhi ya mafaili ya mtandaoni ya nchini mwao. Kwa nini hawakuzichukua kwa Apple? Kwa sababu kupakua kutoka kwa Apple kulikuwa kunachukua muda mrefu mno. Nakala zile zilikuwa zimechezewa, na kila programu iliyojengwa nazo ilitoka na mgeni ndani yake. WeChat ilikuwa mojawapo. Wale hawakuwa wanafunzi wa hosteli. Walikuwa wahandisi wa makampuni makubwa. Sababu yao ilikuwa ileile yetu: mtandao mzito, na rafiki mwenye nakala.

Agosti 2023 nikaamua kulipa deni. Nilikuwa na kompyuta ya mezani ya mtumba niliyoinunua Kariakoo: kumbukumbu GB 4, viini viwili, na betri ndogo ya saa iliyokwisha kufa. Nikaifuta yote nikaweka Debian 12. Nikapakua GCC 13.2, toleo lililotoka mwezi mmoja nyuma, mzigo wa zaidi ya kidogo ya MB 80, pamoja na sahihi yake ya kidijitali ili nihakikishe kwamba haukuchezewa njiani. MB 80 hizo ni pungufu ya video nilizokuwa nikitazama kwa siku moja. Nikapakua na binutils, ambamo mna asembla na linka. GCC hugeuza C kuwa lugha ya asembla, asembla huigeuza hiyo kuwa lugha ya mashine, na linka huunganisha vipande pamoja na maktaba mpaka programu ikasimama. Tunasema "kompaila" kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe ni mafundi kadhaa wanaopokezana kazi mmoja kwa mwingine.

Nilikosea karibu kila hatua. Niliandika amri ya configure bila kusoma maelekezo, ikakataa: inataka GMP, MPFR na MPC. Ni maktaba za hesabu. Ya kwanza ya namba kubwa, ya pili ya namba za desimali zenye usahihi wa hali ya juu, ya tatu ya namba changamano. Kompaila huzitumia kukokotoa mapema hesabu za namba zisizobadilika, hata programu yako haijaanza kuendeshwa. Miaka mitatu ya C na hakuna aliyewahi kuniambia hilo. Ndani ya mzigo wa GCC mna hati ndogo inayozipakua; nikaiendesha. Kisha nikagundua ninajenga ndani ya folda ya msimbo wenyewe, ilhali maelekezo yanasema waziwazi fungua folda nyingine pembeni. Nikafuta, nikaanza upya. Ikataka maktaba za biti 32 ambazo sikuwa nazo. Nikaiamuru iachane na biti 32. Nikaielekeza isakinishwe kwenye folda yake peke yake, isiiguse kompaila ya Debian, maana ukiiharibu hiyo unabaki huna chombo cha kutengenezea chombo.

Halafu make. Kwa tamaa nikaamuru kazi nne zifanyike kwa pamoja. Baada ya muda ikasimama, ujumbe ukisema cc1plus imeuawa. Hiyo ndiyo sehemu inayotafsiri C++, na tangu toleo la 4.8 GCC yenyewe hujengwa kwa C++, kwa hiyo hakuna kuikwepa. Kumbukumbu ilikuwa imekwisha na kerneli ikachagua wa kutoa kafara. Nikashusha hadi kazi moja, nikatenga sehemu ya diski isaidie kumbukumbu, nikaondoka kwenda kula.

Saa tano usiku umeme ukakatika.

Uliporudi, saa ya kompyuta ilikuwa imerudi miaka mingi nyuma, kwa sababu ya ile betri. Nikaandika make, ikalalamika kwamba mafaili yangu yametoka wakati ujao. Nikacheka peke yangu gizani. Nikarekebisha saa, kazi ikaendelea, kisha linka ikagoma: kuna faili haitambui. Nikalitafuta. Lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Umeme ulikatika wakati linaandikwa. Jina lipo, saa ya kuandikwa ipo, ndani hamna kitu. Na make iliendelea kulipita kila mara, kwa sababu make hulinganisha saa za mafaili, haifungui kuona kilichomo. Kwake, faili tupu lenye saa mpya ni kazi iliyokamilika.

Nilikaa mbele ya kioo nikaona nimejitazama mwenyewe. Hivyo ndivyo nilivyosoma shahada yangu. Jina la somo lipo, tarehe ya mtihani ipo, alama ipo. Hakuna aliyefungua kuona kilichomo.

Nikayatafuta mafaili yote tupu nikayafuta, nikaanza tena. Jumla zilikwenda siku tatu. Na ndani ya siku hizo tatu nilijifunza jambo ambalo ndilo linalonifanya niandike haya.

GCC haijengwi mara moja. Inajengwa mara tatu. Kwanza kompaila iliyopo, kwangu ilikuwa GCC 12.2 ya Debian, inajenga GCC mpya. Hiyo ni hatua ya kwanza. Kisha GCC hiyo mpya inajenga GCC mpya tena kutoka kwenye msimbo uleule. Hatua ya pili. Kisha ya pili inajenga ya tatu. Halafu mafaili ya hatua ya pili na ya tatu yanalinganishwa. Mbili hizi zimetokana na msimbo mmoja, zikajengwa na kompaila ambazo zinapaswa kuwa na tabia moja, kwa hiyo zinatakiwa kufanana. Zikitofautiana, kazi inasimama na unaambiwa ulinganisho umeshindikana. Zangu zilifanana. Ujumbe wa kufaulu ni mstari mmoja tu katikati ya maelfu ya mistari mingine, na nusura nisiuone.

Nilikumbuka wahesabu fedha wawili. Mmoja anahesabu, anamsogezea mwenzake, mwenzake anahesabu tena, wanatajiana kiasi. Watu waliojenga GCC na akina mama wa Mbagala, wasiojuana, wamefikia jambo moja: kazi isiyohesabiwa mara ya pili haijahesabiwa.

Lakini subiri, msomaji makini atanikamata hapa. Kama kompaila ya Debian ingekuwa na hila ya Thompson, ingeipachika kwenye hatua ya kwanza, ya kwanza ikairithisha ya pili, ya pili ikairithisha ya tatu, na mbili za mwisho zingefanana kabisa kwa sababu zote zina doa lilelile. Ulinganisho wa GCC hukamata makosa, haukamati mwizi. Ni sawa na mhesabu fedha anayehesabu mara mbili yeye mwenyewe, na mfuko wake ndio wenye tundu.

Kikoba kinalijua hilo. Ndiyo maana funguo haziko nyumba moja. Na wataalamu wanalijua pia: David A. Wheeler alilitetea kwenye tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 2009. Chukua msimbo wa kompaila unayoishuku, uujenge kwa kuanzia kompaila nyingine ya ukoo tofauti kabisa, kisha uitumie hiyo kuujenga tena msimbo uleule. Kama tokeo linafanana na lile lililotoka kwa ile unayoishuku, basi ili kuwepo hila lazima koo zote mbili ziwe zimekula njama ileile. Wengine wamekwenda mbali zaidi. Mwaka 2023 mradi wa Guix ulitangaza kwamba mfumo wao unaweza kupandishwa kutoka kwenye mbegu ya baiti 357 tu, programu ndogo ambayo mtu anaweza kuikagua baiti moja moja, na kutoka hapo ngazi kwa ngazi mpaka GCC. Baiti 357 ni pungufu ya aya unayoisoma sasa.

Najua majibu yenu, maana nimeyasikia kwenye kila kijiwe.

La kwanza: "Huko ni kupoteza muda. Andika amri moja, kompaila inakuja." Sijakuambia ujenge kila wiki. Mimi mwenyewe kazini natumia ya Debian, na nawashukuru waliyoifungasha. Anayenunua nyama buchani si mjinga. Ila ukoo mzima usipobaki na hata mtu mmoja anayejua kuchinja, siku ya sherehe mtaletewa chochote, na hamtajua ni kitu gani.

La pili: "Sisi ni wadogo, nani atatushambulia?" XcodeGhost haikumtafuta mtu kwa jina. Iliwekwa njiani ikasubiri wavivu wapite. Mdogo ndiye anayepita njia ya mkato. Na aliyeumia kwangu mimi hakuwa kampuni. Alikuwa mama mmoja mwenye jina zuri mtaani.

La tatu ndilo zito, nami sitalikimbia: "Hata msimbo chanzo unaweza kuwa na sumu." Kweli. Machi 2024, Andres Freund, mhandisi anayefanya kazi kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwenye mashine kwa SSH kunachelewa kwa takriban nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri ndani ya xz, programu ya kubana mafaili, matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Mlango huo uliunganishwa wakati wa kujenga, na sehemu ya hila haikuwemo kwenye hazina ya msimbo iliyo wazi kwa kila mtu. Ilikuwa kwenye mizigo iliyofungashwa tu. Nilipoisoma habari hiyo nilisimama. Mzigo wangu wa GCC ulikuwa umebanwa kwa xz. Toleo nililoufungulia lilikuwa la zamani zaidi, lilikuwa salama. Lakini jasho lilinitoka.

Kwa hiyo kujenga mwenyewe si hirizi. Sisemi ukijenga utakuwa salama. Nasema ukijenga utajua hali ya kawaida inafananaje. Freund hakuwa na hirizi. Alikuwa na mazoea ya kujua kitu chake kinachukua muda gani, na nusu sekunde ya ziada ikamkera. Wewe na mimi tungesema "mtandao leo uko chini" tukaendelea. Mtu ambaye hajawahi kuona vipande vya mnyororo vikiungana hawezi kuona kipande cha ziada.

La nne ni la mwaka huu: "Siku hizi akili unde inaandika msimbo, nani anahitaji haya?" Ndugu yangu, hapo umeongeza mtu mmoja zaidi kwenye foleni ya flashi. Zamani ulikuwa hujui kompaila imetoka wapi lakini angalau msimbo uliuandika. Sasa hujui vyote viwili, na bado utasimama mbele ya watu useme "nimetengeneza mwenyewe".

Walimu wetu nao wasijifiche. Katika maabara niliyosomea, kompaila ilikuwa kitufe cha kijani. Ukibonyeza, programu inakwenda. Isipokwenda, kosa ni lako. Muhula mzima tulikariri awamu za kompaila kwa mpangilio wake ili tuziandike kwenye mtihani, na hakuna siku hata moja tuliyoambiwa: fungua, jenga, ione. Wanasema hakuna vifaa. Kompyuta yangu ilikuwa mtumba wa GB 4. Wanasema hakuna mtandao. Mzigo mmoja wenye sahihi iliyohakikiwa unatosha darasa zima. Tofauti kati yake na flashi ya hosteli ni kwamba huu kila mwanafunzi anaweza kuukagua mwenyewe kabla hajaufungua. Kinachokosekana ni mtu wa kukubali kwamba wanafunzi wake watashinda siku tatu wakikosea, na kwamba siku hizo tatu ndizo somo.

Nilirudi kwenye kikoba mwanzoni mwa mwaka 2024. Sikwenda kuomba radhi, wala sikwenda na neno "mwenyewe" mdomoni. Nilikwenda na binti wa mwenyekiti, ambaye naye anasoma kompyuta, chuo kingine, na ambaye familia yake na yetu hazijawahi kukopeshana hata kibiriti. Nilimpa msimbo wa programu ya kikundi na ombi moja: naye ajenge GCC 13.2 kwenye mashine yake, ila asianzie kwenye GCC. Aanzie kwenye Clang, kompaila ya ukoo mwingine. Ilimchukua wiki mbili na matusi mengi aliyonitumia kwa simu. Kisha kila mmoja wetu, kwa kompaila yake, akajenga programu ileile, na kila mmoja akatoa alama ya faili lake: herufi na tarakimu 64 zinazobadilika kabisa hata ukigusa baiti moja.

Mara ya kwanza hazikufanana. Moyo ulinidunda. Tukachambua mafaili yote mawili mpaka tukamkuta mhalifu: nilikuwa nimeweka kwenye msimbo mstari unaoonyesha tarehe na saa programu ilipojengwa, eti ipendeze. Mimi nilijenga Jumamosi, yeye Jumapili. Nikafuta pambo langu. Tukajenga tena, alama zikalingana, zote 64.

Kikundi hakijaacha daftari, na sijawaomba waliache. Wanatumia vyote viwili. Kila programu inapobadilishwa, mimi na yule binti tunajenga kila mtu kwake, tunaleta alama kwenye kikao, mmoja anasoma kwa sauti na mwingine anafuatilia kwenye karatasi yake. Mama hakurudi kwenye uweka hazina. Mwaka huu amepewa ufunguo wa kufuli ya pili.

Kikao cha kwanza cha namna hiyo nilipendekeza tuandike kwenye daftari herufi nane za mwanzo tu, kwa kuwa zote ni nyingi na zinachosha, na watu wana haraka ya kwenda sokoni. Mama ndiye aliyekuwa ameshika kalamu.

"Kwa nini nane?" akaniuliza. "Humu ndani huwa tunahesabu noti nane za juu?"

Akaandika zote.